Picha Zilivuka Bahari, Wachoraji Walibaki

Mwaka wa 1929 picha za Albert Lubaki zilionyeshwa Bruxelles. 1930 zilikuwa Genève, na 1931 Paris. Lubaki yeye alibaki Katanga.

Habari yake inaanzia Bukama, pale reli inapokutana na mto Lualaba. Mwaka wa 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya koloni, Georges Thiry, aliona nyumba zenye michoro kwenye kuta, akavutiwa. Lubaki alikuwa mchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Ukuta wa udongo hausafiri, na masika moja yanatosha kuufuta. Karatasi inaingia katika sanduku. Antoinette, mke wa Lubaki, naye alichora. Karatasi zikaenda kwa Gaston-Denys Périer, aliyekuwa anatumika katika Wizara ya Makoloni kule Bruxelles, na yeye njo aliyezitafutia ukumbi na wateja.

Angalieni vizuri huo mnyororo, wandugu. Mkono wa Bukama unachora, mzungu mmoja anakusanya, wa pili anaonyesha, na watu wa Genève wanasimama mbele ya picha wakisema wanachofikiri. Mtu pekee ambaye hakuitwa kusikia ni mwenye mkono.

Ninaleta habari hii hapa juu ya ubishi ulioingia katika kundi letu wiki zilizopita. Mwanafunzi mmoja wa dizaini amepata nafasi ya wiki tatu ku Bulaya: kutembelea shule, karakana na majumba ya makumbusho. Mahali pa kulala papo, chakula kipo, nauli ya ndege hakuna. Akaomba shirika letu la wahitimu limshike mkono. Majibu mumeyasoma. "Wiki tatu ni ya kufanya nini? Ataenda tu kupiga ba foto." Mwingine: "Huyo akifika harudie." Na yaya mmoja ninayemheshimu sana akaandika kwamba kama ubunifu wetu ni wa asili kweli, kwenda kule ni kuuharibu. Hilo la tatu njo lilinisukuma kuandika, kwa sababu wazo hilo liko na historia hapa hapa mujini, na aliyelileta hakuwa mtu wa kwetu.

Alikuwa Mfaransa, ofisa wa zamani wa majeshi ya majini, Pierre Romain-Desfossés. Mwaka wa 1946 alifungua karakana Élisabethville (mji ulikuwa bado haujaitwa Lubumbashi, jina lilibadilika 1966). Watu waliiita Le Hangar. Alikusanya vijana, akawapa rangi na karatasi, na kanuni yake ilikuwa moja: asiwafundishe uchoraji wa kizungu wala asiwawekee mbele picha za kizungu za kuiga. Aliamini kwamba kila mmoja wao amebeba ndani yake kumbukumbu ya wazee wake, na kazi ya mwalimu ni kuilinda isichafuliwe.

Na kazi iliyotoka pale ni kazi kubwa, tusidanganyane. Pili Pili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka katikati ya majani yaliyojaa mpaka pembeni mwa karatasi. Mwenze Kibwanga alijaza umbo lote kwa mistari mifupi mifupi, mtu na mnyama wakawa kama wamefumwa kwa uzi. Bela Sara, aliyetoka Chad na kumfuata Romain-Desfossés kama mtumishi wa nyumbani, alichora kwa vidole. Ukiona picha tatu za hao watatu, huhitaji kusoma jina chini. Kwa hiyo sitasema kwamba bila kusafiri mtu hawezi kuwa fundi. Le Hangar inakataza kusema hivyo.

Swali langu ni lingine: nani alikuwa anajua nini? Picha za Le Hangar zilinunuliwa na wazungu na zikavuka bahari kama zile za Lubaki. Mwalimu ndiye aliyeona pande zote mbili. Alijua mnunuzi anataka nini na anatumia maneno gani kuisifu kazi. Mwanafunzi alijua rangi tu. V. Y. Mudimbe, ambaye alifundisha katika chuo kikuu chetu miaka ya 1970, aliandika juu ya karakana hii katika kitabu chake *The Idea of Africa* cha 1994, na anayesoma pale ataona kwamba ile "kumbukumbu ya asili" ilikuwa pia nadharia ya mwalimu. Mzungu alikuja na wazo lake juu ya Mwafrika, akajenga karakana juu ya wazo hilo. Wanafunzi walikuwa na vipaji vilivyolipita lile wazo, lakini hawakuwa na mahali pa kusimama ili walione kwa mbali.

Tukumbuke pia kwamba wakati ule safari ngumu ya kwanza haikuwa ya kwenda Bulaya. Katikati ya mji, hii tunayoita leo komini ya Lubumbashi, ilikuwa mji wa wazungu. Mweusi aliingia asubuhi kutumika na jioni alirudi kwake cité. Kuvuka ule mpaka usiku kulihitaji karatasi ya ruhusa. Mtu anayehitaji ruhusa ya kulala umbali wa kilomita mbili, nani angemkatia tiketi ya Bruxelles?

Romain-Desfossés alifariki 1954. Wanafunzi wake wakaingia katika Académie des Beaux-Arts, ambayo mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameianzisha hapa 1951. Mwenze akawa mwalimu pale. Ndio mzizi wa shule yetu ya leo, mahali wanapotoka hawa wanafunzi wa dizaini tunaobishana juu yao.

Sasa, miaka hiyo hiyo ya 1950, Ubelgiji ulianza kuwachukua Wakongo wachache kwa kile walichokiita safari ya masomo. Hawakuwa wasanii, walikuwa makarani, waalimu, wale walioitwa évolués. Mwaka wa 1956 Patrice Lumumba alikuwa katika kundi moja kama hilo. Waliokaribisha ndio waliopanga ratiba: viwanda, shule, hotuba, watu wa serikali. Ilikuwa zawadi kwa wenye tabia nzuri, ili warudi wakisifu. Lakini ratiba haiwezi kufunga macho. Waliosafiri wakaona mzungu anafagia barabara, mzungu anabeba mizigo, mzungu anawaletea sahani mezani. Hakuna aliyeyaandika hayo kwenye programu, na kwa mtu wa Élisabethville au Léopoldville wa wakati ule, hilo lilikuwa somo kubwa kuliko kiwanda chochote.

Halafu ikaja 1958, maonyesho makubwa ya dunia Bruxelles, yale ya Atomium. Hapa nitasimama kidogo, maana watu wa dizaini wanapaswa kuijua hii habari kuliko sisi wa mashamba. Katika sehemu ya Kongo walijenga "kijiji", na ndani yake wakaweka mafundi wa kweli kutoka Kongo, wanatumika mbele ya watu. Wageni walisimama nyuma ya uzio. Baadhi yao wakawarushia ndizi. Mafundi walikasirika, wakaacha, wakarudi kwao kabla ya maonyesho kufungwa. Mtu alivuka bahari na ufundi wake, akafika, akakuta amewekwa kama kitu cha kuangaliwa. Alisafiri kwa mwili. Katika macho ya waliomwita, alikuwa bado ni picha.

Maonyesho hayo hayo yaliwakutanisha Wakongo wa majimbo mbalimbali ambao nyumbani hawakuwa na nafasi ya kukaa pamoja. Mobutu alikuwa pale kama mwandishi wa habari. Miaka miwili baadaye nchi ilipata uhuru. Sisemi safari ndiyo iliyoleta uhuru, hapana. Ninasema tu kwamba watu walirudi na mambo ambayo wenyeji wao hawakuwapa.

Miaka ya Zaire nitaipita haraka, ila siwezi kuruka Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa hapa 1947, alichora kwa kuuza, picha za ukutani za sebuleni. Mwaka wa 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha chuo kikuu hapa, historia nzima ya nchi: picha 101, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwenye kaseti. Leo picha hizo ziko Amsterdam, katika makumbusho ambayo zamani iliitwa Tropenmuseum. Mwanafunzi wa historia wa Lubumbashi anayetaka kuziona zote pamoja, kwa macho, atapanda ndege. Tshibumba mwenyewe alipotea miaka ya mwanzo ya 1980, na familia yake haikupata jibu.

Kisha Gécamines ilianguka, na pamoja nayo mishahara, shule, hospitali. Munajua wenyewe, mulizaliwa ndani ya hayo. Na katika huo uharibifu njo ulitokea mfano ambao ninataka tuutazame kwa makini.

Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi 1978. Alisoma barua na sayansi za mtu hapa Unilu. Patrick Mudekereza ni wa 1983, alisoma kemia ya viwanda. (Wenzangu wa agronomia, musicheke: mlango haukufungwa kwetu.) Mwaka wa 2006 Baloji alitoa mfululizo wa picha alioupa jina Mémoire. Alichukua watu kutoka foto za zamani za migodi, wafanyakazi waliosimamishwa mbele ya kamera ya kikoloni, akawaweka mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyokufa, foto alizopiga mwenyewe. Mfanyakazi wa zamani anasimama na kutuangalia, nyuma yake mitambo imeoza. Mwaka wa 2008 yeye na wenzake wakaanzisha Picha, ambayo kwayo tuko na Biennale de Lubumbashi.

Muone mpangilio. Kabla ya safari ile ninayotaka kusimulia, tayari alikuwa na swali, na swali lilitoka hapa: nani alipiga hizi foto, kwa ajili ya nani, na watu waliomo ndani walikuwa wanafikiri nini? Sehemu ya jibu haikuwa Lubumbashi. Ilikuwa Tervuren, pembeni mwa Bruxelles, katika makumbusho ya kifalme ya Afrika ya Kati.

Wote wawili, Baloji na Mudekereza, wakapokelewa pale kama wasanii wageni, na mwaka wa 2011 makumbusho ikafungua maonyesho yao, Congo Far West. Baloji alifungua masanduku ya msafara wa Charles Lemaire, uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900. Msafara ulikuwa na mpiga foto, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Dardenne alichora mandhari kwa rangi za maji: anga laini, milima ya samawati, nchi tupu yenye amani inayosubiri mwenyewe. Michel alipiga foto za watu, wamesimamishwa kupimwa na kuorodheshwa. Karatasi hizo zilikaa katika nyumba moja miaka mia moja. Baloji akawatoa watu wa Michel na kuwasimamisha ndani ya mandhari ya Dardenne. Basi. Ile nchi tupu ikawa na wenyewe, na hawacheki. Mudekereza alifanya kazi yake upande wa maandiko na vitu vya makumbusho.

Je, kazi hiyo ingefanyika kwa kompyuta kutoka Kamalondo? Mimi ninasema hapana, na sababu ni ya kikazi. Lazima mtu awe na masanduku yote mawili mezani ndipo aone kwamba yanasema uongo kwa pamoja. Katika orodha yameandikwa mahali mbalimbali, moja ni "sanaa" na lingine ni "sayansi".

Na ndiyo, mimi pia ninajua lile jibu: Baloji leo anaishi sana Bruxelles. Kweli. Mudekereza yuko hapa, anaongoza kituo cha sanaa Waza, na milango yake iko wazi kwa vijana wa mujini. Wawili waliondoka, matunda yako pande zote mbili. Anayeogopa kwamba mwanafunzi hatarudi, aulize kwanza amemwandalia nini cha kurudia. Baloji na wenzake walikuwa wamekwisha kujenga Picha kabla ya Tervuren. Kulikuwa na mahali pa kuleta kitu.

Kwa watu wa dizaini mambo ni wazi zaidi hata kuliko kwa watu wa picha. Vitu kutoka Kongo vilivyo Tervuren vinapita 80,000. Kati yake kuna viti vya wafalme wa Baluba, mito ya mbao ya kulalia kichwa, vyombo vya kazi ya mkono mmoja ambao wataalamu, kwa kukosa jina lake, waliuita Fundi wa Buli. Katika kitabu unaona uso wa kiti, kimewekewa taa upande mmoja. Huoni chini. Mwanafunzi wa dizaini anataka kuona chini: fundi aliacha unene gani pale uzito unapokaa, alama za shoka zinaelekea wapi, mbao ilikatwa kwa kufuata nyuzi zake au kwa kuzikinga, mahali gani pameng'arishwa na chombo na wapi pameng'arishwa na miaka ya kukaliwa. Siku kumi na penseli na kipimo, kama watunzaji wakimruhusu avae glovu na kugeuza kitu, ni masomo ambayo hakuna profesa wa hapa anayeweza kumpa, kwa sababu profesa naye hajakigeuza.

Sisi wa agronomia tunaijua hali hii. Mimea ya vilima vyetu vya shaba, ile inayoota mahali ambapo mahindi yangekufa, imesomwa hapa Lubumbashi na watu kama profesa François Malaisse. Lakini ukitaka kulinganisha jani lako na majani makavu yaliyochumwa Kongo zama za koloni, mengi yako Meise, katika bustani ya mimea ya Ubelgiji. Asistanti mmoja wa kwetu alipata wiki nne tu za staji kule. Alikwenda na orodha ya maswali ya kurasa sita, iliyotoka katika mashamba yake mwenyewe, akarudi na daftari ambalo promosyo tatu baada yake bado zinalifotokopi. Hakuleta suti wala simu mpya. Watu wa kwao walinuna kidogo.

Kwa hiyo kwa yule anayeuliza wiki tatu ni za kufanya nini, jibu langu linategemea msafiri amefanya nini kabla ya kuondoka. Hapa nitakuwa mgumu. Makumbusho yetu iko pale katikati ya komini, karibu na Bâtiment du 30 Juin ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa tamthilia. Ndani mna vyungu vya Sanga, kutoka ziwa Kisale, vilivyofukuliwa na kazi iliyoanza 1957 na Jean Hiernaux. Vilitiwa makaburini na watu walioishi pale karibu miaka elfu moja iliyopita. Vyungu vidogo vyenye mdomo wa kumiminia, vyenye mishikio, vyenye mistari iliyokatwa udongo ukiwa mbichi. Mwanafunzi wa dizaini wa Lubumbashi ambaye hajakaa asubuhi tatu mbele ya vyungu vile akivichora, mimi sichangii nauli yake hata franga moja. Kule atakwenda kushangaa ngazi zinazotembea zenyewe.

Aliyekwisha kuvichora, na ambaye anaweza kuniambia kwa sentensi moja anakwenda kutafuta nini na katika sanduku gani, huyo nitachangia, na nitawaomba ninyi pia. Ugumu wake uko mwingi vya kutosha: pasipoti, viza, barua ya mwenyeji, hati ya benki ya mtu ambaye hana benki, na dosie inayorudishwa kwa sababu ya karatasi moja. Makumbusho yenye vitu vyetu inafungua mlango kwa yeyote mwenye tiketi ya kuingia. Mpaka wa nchi yake haufungui hivyo. Mwezi wa sita 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kimoja, Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Kitu kimoja kinatoka kati ya maelfu, na kinarudi kwa mwenyewe kikiwa na jina la kuazimwa. Mpaka vingine vifike, ni sisi wa kuvifuata.

Na ninapendekeza sharti moja kwa shirika, tuliandike kabla pesa haijatoka katika kasha. Arudipo, michoro yote, vipimo vyote, namba za vitu katika orodha ya makumbusho, nakala ikae mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuifungua bila kumwomba mtu. Lubaki alichora kwenye karatasi za Thiry na karatasi zote zikaenda upande mmoja. Hizi za safari hii ziwe na nakala Lubumbashi.